Akibebwa Hupoa, Akilazwa Huwaka

Bibi alikuwa ametega vitendawili mtaa mzima, ila siku hiyo alitegwa na mjukuu wake asiyeota hata jino. Akibebwa, anapoa. Akilazwa, mgongo unawaka kama jiko.

Mama wa mtoto alikuwa amerudi kazini kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Alimwachia Bibi mtoto, na simu ya zamani iliyorekodiwa sauti yake akiimba, ili mtoto asione upweke. Bibi alimbembeleza, akimwita mume wangu na kumwomba asimfanye mjane mara ya pili. Mtoto akalala, wimbo ukiendelea taratibu kitandani. Alipompapasa tena, akakuta mgongo wa moto. Akamwita jirani yake, muuguzi mstaafu.

Muuguzi alikuja na kipimajoto na maneno yake. Alikiweka kwapani, akakisoma, akasema mtoto hana homa, labda mwenye homa ni bibi yake. Bibi akamwambia autie utani mfukoni, amlaze aone mwenyewe. Akamlaza. Haukupita muda, mtoto akaanza kujinyonganyonga.

"Mwenzangu, umemtandikia nini huyu?"

"Shuka," Bibi akasema. "Na wimbo wa mama yake."

Muuguzi akaingiza mkono chini ya kigodoro, akautoa mbio, akaingiza tena kwa kitambaa. Akaivuta simu, waya wa chaji ukiifuata kama mkia. Bibi alikuwa ameichomeka ili sauti isikatike, akaifukia pale ili iwe karibu na sikio la mtoto. Muuguzi akamweleza kwamba simu ikichajiwa hupata joto, na hilo joto lataka pa kutokea. Bibi kaliziba kwa godoro, na juu ya godoro kamweka mtu.

Wakamgeuza mtoto. Mgongo ulikuwa mwekundu, bila lengelenge. Wakampangusa kwa kitambaa cha maji, wekundu ukafifia, naye akapiga miayo kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni. Hapo ndipo Bibi akakaa chini, akacheka huku machozi yanamtoka.

Simu ilichomolewa ikawekwa mezani, mbali, ikiimba bado.

"Kitendawili," muuguzi akasema.

"Tega."

"Naimba kitandani, nachoma bila moshi."

Bibi alilijua jibu, lakini akatikisa kichwa.

"Nipe mji basi."

"Chukua wowote uutakao," Bibi akasema, akimpakata mtoto. "Mume wangu tu niachie."