Milima na Vichuguu vya Nekesa

Nekesa alimchukia Nabwile waziwazi, bila haya wala likizo. Walikuwa wake wa ndugu wawili, boma moja upande wa Lugulu, na tangu mume wa Nabwile azikwe, Nekesa hakutaka kitu kingine duniani ila mjane huyo afungashe virago arudi kwao Kachibora, shamba lote libaki la Wabwile, mume wake yeye, na mtoto wao Derrick. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema kila alipomwona shemejiye akipita na ndoo.

Kiangazi cha 2006 ghala la Nabwile liliungua na mahindi yote ndani. Watu wakasema ni kaa la jikoni lililopeperushwa na upepo. Siku chache baadaye Nekesa akamchokoza makusudi kwa habari ya kuni, na mjane, ambaye uchungu wake ulikuwa bado mbichi, akafoka kwamba hata yeye atalichoma boma hilo. Hayo ndiyo maneno Nekesa aliyokuwa akiyavizia. Kiunoni mwa Nekesa, chini ya leso, kulikuwa na kinasa sauti kidogo alichoazima kwa karani wa kanisa, na kaseti ilikuwa inazunguka.

Wazee wa ukoo wangekaa Jumamosi kusikiliza mashtaka yake. Shida ni kwamba kaseti ilijaa Nekesa mwenyewe akibweka, na Nabwile alisikika mbali huko kama inzi ndani ya chupa. Nekesa akaenda kutafuta fundi Kitale, kwa sababu Bungoma kila fundi ni jamaa ya mtu na mdomo hauna kufuli. Mtaani Tuwan akampata Kiplimo, aliyekuwa akirekodi kwaya kwa kompyuta.

Kiplimo aliingiza kaseti, na sauti zikajichora kwenye skrini, mstari mmoja wa kijani uliopanda na kushuka.

"Hii milima ni nani?" Nekesa akauliza.

"Ni wewe, mathe. Ona venye vichwa vimekatwa bapa. Ulipiga kelele mpaka kinasa kikashindwa kubeba. Hapo siwezi rudisha kitu, naweza shusha tu."

"Ati mimi ndiye napiga kerere? Kwani unamjua huyo mwanamke?"

"Simjui, bana. Yeye ndiye hivi vichuguu, huku."

"Basi shusha yangu, inua yake. Nataka zilingane."

Kiplimo akavaa hedifoni. Nekesa akamvua kwa mkono wake mwenyewe. Jeuri ya mama huyu! "Hayo ni mambo ya boma ya watu, si ya masikio yako. Wewe tengeneza michoro."

"Mathe, huku chini kuna vitu vingine vidogo. Nikiinua, kila kitu kinainuka, hata mbwa. Si tusikize kwanza?"

"Nimekuja uchore ama uchunguze?"

Kijana akaudhika, naye alikuwa na haki ya kuudhika. Akazima spika, akafanya kazi kwa macho tu, kama fundi anayepiga plasta ukutani: palipoinuka akashusha, palipobonyea akajaza, hata pale katikati ya kelele mbili za Nekesa ambapo mstari ulikuwa karibu umelala. Alipomaliza, skrini nzima ilikuwa milima ya kimo kimoja. Nekesa akaitazama, akacheka kwa furaha, akaichukua kaseti mpya aliyorekodiwa.

Nyumbani aliicheza mpaka pale Nabwile anapotishia kuchoma, akaizima. Ya nini kusikiliza matusi yake mwenyewe?

Jumamosi wazee walijaa sebuleni kwa Mukhwana, baba mdogo wa Wabwile. Wabwile alikaa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, maana alikuwa mtu wa kunong'ona na mkewe hakuwa mtu wa kusikiliza. Nekesa akaweka redio kaseti mezani, akabonyeza.

"Hii boma nitaichoma, hata mimi!" Sauti ya Nabwile ilitoka safi kabisa. Wazee wakaguna.

"Mama, haya ni maneno yako?" Mukhwana akauliza.

"Ni yangu, baba. Nilikuwa na uchungu."

Nekesa aliona raha mpaka tumboni. Akaiacha kaseti iendelee, wasikie na mengine. Likapita tusi lake moja, "mchafu wewe," limeshushwa kwa adabu, kisha ikaja sauti ya mwanamume, ya karibu na nzito, kana kwamba amekaa juu ya meza ile.

"Mama Derrick, nyamaza tafadhali. Huyu akijua ni wewe ulichoma mahindi yake, tutaweka uso wapi?"

Siku ile ya ugomvi wa kuni Wabwile alikuwa nyuma ya Nekesa, akimvuta leso na kumsihi. Yeye alikuwa akipiga kelele, hakusikia hata neno.

Nekesa akairukia redio. Mkono wa Mukhwana ukamtangulia.

"Ni kompyuta hiyo!" akapiga yowe. "Yule kijana wa Kitale ndiye ameweka! Baba Derrick, si uwaambie!" Na akamkazia mumewe lile jicho ambalo kwa miaka yote lilimnyamazisha.

Wabwile akainuka. Akaja mezani, akairudisha kaseti nyuma kidogo, akabonyeza. Sauti yake ikajaa sebuleni mara ya pili.

"Ni mimi," akasema. "Na nilinyamaza vibaya, shemeji. Unisamehe."

Nabwile akamgeukia Nekesa. "Watoto wangu wanalala na uji wa kuomba," akasema, "na wewe ulikuwa unaniita mchafu."

Mukhwana akaagiza ufunguo wa ghala la Nekesa. Wabwile akautoa mfukoni, akamkabidhi mjane mbele ya wote.

Nekesa akabaki kwenye kiti chake akiwachukia mmoja mmoja: Nabwile, wazee, mume wake. Lakini aliyemchukia kuliko wote ni yule kijana wa Tuwan, kwa sababu alifanya sawasawa na alivyoambiwa.