Maji Yaliyokwenda Semina

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kama kila siku kwa miaka kumi na moja, Mama Bomba alikoroga vijiko viwili vya klorini kwenye ndoo, akapanda ngazi ya tangi la lita elfu kumi, akaimimina. Akashuka kinyumenyume akihesabu vidaraja, akafungua koki kubwa, na kule chini foleni ya madumu ikaanza kusogea.

Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Fundi aliyemtangulia alimkabidhi funguo akiwa ameshabeba begi, akamwambia, "Dawa tia kiasi, dada," akaenda zake. Kiasi gani, hakusema. Mama Bomba akaamua ni vijiko viwili, na cha tatu mvua kubwa ikinyesha, na watu mia nne wakawa wanakunywa uamuzi huo. Kisha mwaka mmoja mjukuu wake akaharisha siku nne hadi macho yakaingia ndani. Mtoto alipona, lakini tangu hapo bibi yake hakuinua kikombe bila kujiuliza kama kosa lilikuwa la mkono wake.

Barua ya semina ya siku tatu ya wahudumu wa maji ilipofika, mwenyekiti wa kamati ya maji alikuna kichwa.

"Sasa pampu atabaki nayo nani?"

"Nimeomba mtu wa pili tangu mwaka wa kwanza, mwenyekiti."

"Hilo tutalijadili."

Walikwisha kulijadili mara tisa. Mama Bomba akapanda lori la mbao, akaenda.

Walipovuka daraja, dereva alitazama kioo cha pembeni. "Mama, maji yako yanatufuata."

Aligeuka. Maji yote ya tangi yalikuwa barabarani, upana wa mkeka, yakija taratibu bila kulowesha vumbi. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Haya yalimfuata yeye.

"Basi punguza mwendo," alisema. "Yasije yakagongwa."

Ukumbini aliketi safu ya tatu. Maji yakaingia nyuma yake, yakaenea sakafu nzima hadi kwenye vifundo vya miguu, yakatulia. Wahudumu wengine ishirini wa visima walikunja suruali. Mwalimu, kijana nadhifu ambaye koki pekee aliyowahi kuifungua ni ya bafuni kwake, alivua viatu vyake vyeupe, akaviweka mezani, akaendelea na picha za ukutani. Maji yalisikiliza vizuri kuliko safu ya nyuma, ambako watu wawili walikuwa wanasinzia.

Mchana likaja zoezi la kupima dawa. Unatia kidonge kwenye kichupa cha maji, unatikisa. Yasipobadilika, dawa haitoshi. Yakiwa mekundu, imezidi. Yakiwa na rangi ya waridi iliyo kwenye kadi, ni sawasawa.

"Tunahitaji maji ya kupimia," alisema mwalimu, akitafuta jagi.

"Ninayo," alisema Mama Bomba. Akainama, akachota miguuni pake.

Kidonge kilimponyoka mara mbili. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Akatikisa, akangoja. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha waridi ikaanza chini ya kichupa, ikapanda, na sakafuni nako maji yote yakageuka waridi, kuanzia vidoleni pake hadi mlangoni, na mwanga wake ukapanda kuta, ukajaa darini na kwenye nyuso za watu. Waliokuwa wanasinzia waliamka, wakasimama kwa heshima. Kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuinua mguu.

Mwalimu alisogeza kadi karibu na kichupa. "Ni yenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Ni yenyewe kabisa."

Mama Bomba alilia bila kujificha. "Miaka kumi na moja, mwanangu, nilikuwa nabahatisha."

"Mimi natia kwa kiganja," alisema mzee mmoja aliyeketi karibu na dirisha.

"Mimi kwa kizibo," alisema mwingine.

Asubuhi ya pili mwenyekiti alifika na gari la kukodi, koo limemkauka.

"Mabomba hayatoi hata tone tangu jana! Maji yakimwagika hayazoleki, wewe!"

"Hayajamwagika, mwenyekiti. Yako darasani."

"Si nasikia wamekupima ukaonekana unajua? Sasa unasomea nini?"

"Leo wanafundisha kufungua pampu. Hiyo siijui."

"Watu wana kiu, mama. Na mjukuu wako yumo."

Hilo lilikuwa kweli. Mama Bomba alifunga daftari lake lenye ukurasa mmoja ulioandikwa, akabeba begi. Maji yakajikusanya, yakatoka nyuma yake, na mwalimu akavaa viatu.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa, ikakubali kwamba maji yana mtu wake mmoja tu. Hakuna aliyebisha. Kwa hiyo ombi la mtu wa pili likafutwa, na ikaandikwa kuwa mhudumu asitoke nje ya kijiji. Afisa akatumwa kuorodhesha mali isiyohamishika ya mradi. Alibandika namba moja kwenye tangi, namba mbili kwenye pampu, kisha akasimama mbele ya Mama Bomba na kibandiko cha tatu, akitafuta pa kukiweka.

"Samahani, mama," alisema.

Mama Bomba alifuta mikono, akamwonyesha mfuko wa shati. Afisa akakibandika hapo, akakikandamiza kwa kidole gumba, pembe zote nne, ili kisibanduke.