Kilo Nne za Mpiga Pasi

Saa mbili asubuhi mpiga pasi alikuwa ameshakunywa chupa tatu za maji, na foleni ya kliniki ya utafiti haijasogea hata hatua. Wenzake wa benchi ndio waliomfundisha: ukijihisi umepungua, kunywa maji, mzani hauna macho. Na alikuwa amepungua kweli. Tangu unga upande bei, chakula cha jioni anawaachia watoto, yeye analala na chai kavu.

Alifuata sindano ya tano kati ya sita. Waliambiwa ndani yake mna chembe ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni, zinazobeba dawa mpaka kwenye mafuta ya mwili na kutuliza uvimbe unaoletwa na unene. Maneno hayo aliyaona porojo mpaka sindano ya tatu, magoti yalipokubali kusimama kwenye meza ya pasi kutwa nzima. Bila magoti hana kazi. Basi.

Karani akampa kikopo. "Dada, mkojo kwanza, halafu mzani."

Loo! Chupa zote tatu zikaishia chooni.

"Umeshuka kilo nne," karani akasema, akiangalia mzani. "Hongera! Unajinyima kula?"

"Sijinyimi, kaka. Hakuna."

"Sasa mwisho wa kushuka ni kilo tatu. Ukikonda, hatutajua uvimbe umetulizwa na dawa au na kukonda. Itabidi utoke."

"Si zimebaki sindano mbili tu? Magoti yangu je?"

"Nakuelewa, dada."

Amwelewe wapi, mtu ambaye kutwa amekalia kiti cha ofisi cha kuzunguka! Karani alishavuta fomu. Sababu za kutoka zilikuwa tatu: amehama, amefariki, amejitoa kwa hiari.

"Andika njaa," mpiga pasi akasema.

"Njaa haina kisanduku." Akatia alama kwenye kujitoa.

"Na ile sindano yangu?"

"Ina namba yako, hapewi mwingine. Jioni inateketezwa."

Mpiga pasi alitafuta hasira ndani yake, hakuipata. Alikuwa na ganzi tu, kuanzia kichwani. Akashika kalamu, akatia sahihi kwamba amejitoa kwa hiari yake mwenyewe, na karani akamshukuru kwa mchango wake katika sayansi.