Usaha wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa anakufa kwa haya.

Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha mke wa kinyozi duara lililojaa maji nusu.

"Hili ni jipu, mama. Liko ndani ya pafu. Nadhani lilianzia kwenye yale meno mabovu. Uchafu wa kinywani ukashuka kifuani akiwa usingizini. Sindano zinaua vijidudu, lakini usaha nao lazima utoke. Usipotoka itabidi tumpasue, na mwili ule hauwezi kustahimili kisu."

"Kwani hautoki?"

"Kikombe chake cha kutemea hukutwa kikavu kila asubuhi."

Mke alirudi wodini mbio. Mumewe ni mtu asiyegusa kichwa cha mteja kabla hajajipaka manukato. Sasa pumzi yake ilinuka kama panya aliyefia darini. Alikuwa akikohoa, mdomo kaufumba. Mke akaona koo lake linapanda, linashuka.

"Unameza!"

"Punguza sauti. Watu watasikia."

"Shemeji," akadakia dereva wa lori wa kitanda cha pili, mguu wake ukiwa umefungwa plasta, "harufu tumeshaipata. Sauti haituongezei kitu."

Kinyozi akageukia ukutani. "Umemsikia? Ngoja walale, nitatema."

"Hufiki huko, baba watoto."

Kucha zake zilikuwa za buluu. Homa ilitikisa kitanda.

Muuguzi akamlaza kwa ubavu usio na jipu, kichwa kikining'inia chini ya godoro, akamfundisha mke kukunja viganja na kumpigapiga mgongoni. Mke akapiga. Kinyozi akauma meno. Akapiga mpaka viganja vikawaka moto.

"Nitanuka, mke wangu."

"Maiti hunuka zaidi, tena haombi radhi! Tema!"

Kifua kikakorokota. Kikamwagika kitu cha kijani chenye michirizi ya damu, kikombe kikajaa, kikafurika hadi sakafuni. Wodi nzima ikaziba pua. Dereva akatapika. Kinyozi akalia kichwa chini, machozi yakimteremkia kwenye nywele.

Muuguzi akatazama kikombe. "Bado upo mwingi. Na homa haijashuka."

Mke akaketi. Hakuwa na nguvu ya kuinua mikono tena.

"Piga," akasema kinyozi.