Barua ya Kumwombea Senja

Kocha Haverty alifika nyumbani kwetu Jumamosi moja ya Februari, saa nane mchana, theluji ikiwa bado imeganda kwenye viatu vyake. Alikuwa ametoka uwanja wa barafu kumtazama mjukuu wangu Senja. Senja ni kipa wa hoki. Siku ile alizuia mapigo thelathini na sita, na lile moja tu lililoingia liligonga mguu wa beki wake mwenyewe kwanza.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile tangu mkwe wangu, mama yake Senja, alipofariki: mimi, mwanangu Dale, na Senja. Nilimkatia kocha mkate wenye kokwa za jozi, akala vipande viwili, nikaona ni mtu wa maana.

"Niseme jambo moja mapema tusipotezeane muda," alisema. "Chuo chetu hakitoi fedha kwa ajili ya hoki. Hata senti. Vyuo vyote vya daraja letu vimekatazwa. Mimi naweza kumwambia msajili kwamba kipa ninayemtaka ni huyu. Mwisho wangu ni hapo. Msaada wa ada unatoka ofisi nyingine, na wale hawajui goli ni nini. Wanaangalia hali ya nyumbani."

"Kwa hiyo binti wa tajiri atalipa yote na wangu atalipa kidogo?" Dale aliuliza.

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Na wakikaa benchi moja wataulizana?"

"Wakiulizana, baba, wakimbizwe raundi kumi."

Dale alicheka. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka. Mimi nilikipenda chuo kile kabla sijakiona. Chuo kisichonunua watoto kama farasi ni chuo chenye heshima, ndivyo nilivyowaza, na nikamwambia kocha hivyo hivyo. Alinitazama kidogo, akasema, "Heshima ipo, mzee. Ila jazeni fomu vizuri." Kisha akamgeukia Senja. "Kila mwaka nachukua kipa mmoja tu. Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Lakini tarehe mosi Mei lazima niwe na jibu."

Senja alikuwa amesimama karibu na jiko, nywele mbichi bado. Alisema "Sawa, kocha," basi. Baadaye nilimsikia chumbani akimpigia rafiki yake simu, akilia na kucheka kwa pamoja.

Fomu ndiyo iliyotupiga pigo la kwanza. Wanataka kipato cha miaka miwili nyuma, na miaka miwili nyuma mgodi wa chuma wa hapa mjini ulikuwa ukifanya kazi usiku na mchana. Dale alikuwa akifanya zamu za ziada hadi Jumapili. Kwenye karatasi alionekana bwana mkubwa. Lakini mwaka mmoja baadaye mgodi ulisimamishwa, wanaume mia nne wakapewa barua ya kupunguzwa, na Dale alikuwa mmoja wao. Posho ya wasio na kazi ilimalizika kabla ya Krismasi. Sasa alikuwa anaendesha gari la kusukuma theluji la wilaya, siku theluji inapoanguka, na kila Alhamisi alipita kanisa la Walutheri kuchukua mfuko wa chakula. Aliuingiza nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Machi likaja jibu la ofisi ile: sehemu yetu ya kulipa ni dola elfu thelathini na nane kwa mwaka. Dale aliiweka karatasi mezani kifudifudi.

Kocha alipiga simu jioni ile ile. "Msikate tamaa. Waandikieni wawatazame upya. Hilo linaruhusiwa kabisa, lina utaratibu wake. Tumeni barua ya mgodi, tumeni hati za mshahara wa sasa, semeni kila kitu. Msione haya."

Katika nyumba yetu barua ni kazi yangu. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, nikaingia mgodini. Baadaye nilisoma masomo ya jioni miaka minne baada ya zamu, vumbi jekundu likiwa bado masikioni, nikapata cheti nikiwa na miaka arobaini na moja. Tangu hapo nimewaandikia barua nusu ya majirani wetu: za pensheni, za rambirambi, za kugombana na halmashauri. Hakuna iliyorudishwa kwa sababu ya kosa.

Dale alinipa barua ya mgodi na karatasi yenye mistari saba kwa mwandiko wake. Kupunguzwa kazi. Posho kuisha. Saa za gari la theluji. Mstari wa sita ulisema: tunachukua chakula kanisani.

"Iandike vizuri, Mzee, kama unavyojua wewe," alisema. "Mimi nikiandika wataona nalia."

Niliketi nayo asubuhi tatu mfululizo. Kila nikifika mstari wa sita kalamu ilisimama. Baba yangu alifika nchi hii kutoka Finland na sanduku moja, na hakuwahi kula chakula ambacho hakukitolea jasho. Nilimwona akilini msichana fulani wa ofisini, mwenye umri wa Senja, akiisoma habari ya mwanangu na mfuko wake wa mlango wa nyuma, huku anakunywa kahawa. Sikuweza.

Basi niliandika barua nyingine. Nilieleza ukoo wetu, vizazi vitatu mgodini bila kuacha deni. Nilieleza alama za Senja, na jinsi anavyosimama golini bila kurudi nyuma. Kuhusu Dale nilisema kwamba "shughuli zake zimebadilika kwa kiasi fulani katika siku za karibuni". Nikamalizia kwamba hatuombi sadaka, tunaomba haki. Barua ya mgodi niliitia kwenye droo yangu, chini ya soksi.

Kabla ya kuipeleka barua yangu posta nilimsomea Ludvik Prebil, rafiki yangu tangu mgodini, ambaye siku hizi anaendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani. Alisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye kiti cha mashine.

"Barua nzuri sana, Urho," alisema. "Wakiisoma watakuuliza kama ungependa kuwajengea maktaba."

"Wewe hujui kuandika hata orodha ya sokoni."

"Sijui. Lakini nikiwa na njaa najua kusema nina njaa."

Nilimwambia arudi kwenye barafu yake. Nikaenda posta.

Jibu lilifika tarehe ishirini na nane Aprili. Dale alilisoma kwa sauti, Senja akiwa amekaa kwenye ngazi anafunga viatu. Walishukuru kwa barua ya kuvutia. Walisikitika kwamba haikuonyesha badiliko lolote la kipato, wala hapakuwa na hati. Uamuzi wa awali unabaki.

Dale alilisoma mara ya pili, kimoyomoyo. "Mzee. Ile barua ya mgodi uliitia?"

Nikaanza kukusanya vikombe vya mezani.

"Mzee, nakuuliza."

"Niliona haifai."

"Haifai kwa nani?"

Senja alikuwa ameacha kufunga kamba. Nilikwenda chumbani nikaileta ile barua, nikaiweka mbele ya mwanangu. Hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alichukua koti na ufunguo wa gari, akaenda maktaba ya mji kutuma kila kitu kwa mashine ya faksi, na mistari yake saba kwa mwandiko wake vilevile.

Ofisi ilisema kutazama upya mara ya pili huchukua wiki tatu. Kocha alimpigia Senja Ijumaa, siku ya mwisho. Senja aliiweka simu mezani ili tusikie sote.

"Kuna kipa kutoka Saskatchewan," kocha alisema. "Wazazi wake wanalipa yote, na anataka jibu leo. Nimemzuia wiki nzima, Senja. Siwezi kumzuia tena. Una njia yoyote ya kuniambia ndiyo?"

Senja alimtazama baba yake. Dale alitikisa kichwa, polepole.

"Sina, kocha. Asante kwa kuja kwetu."

Mei ilipokaribia kwisha kocha alipiga tena, ingawa hakuwa na wajibu. Alitaka tujue kwamba ofisi ilizipitia zile hati. Kama zingefika Machi, sehemu yetu ingekuwa dola elfu tisa; sasa nafasi ilikuwa imekwishakwenda. Dale alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba elfu kumi angejikamua azilipe.

Usiku sikulala, lakini hilo si jambo la kusimulia. Asubuhi nilimkuta Senja anakula uji wa shayiri.

"Senja, niliona aibu," nilimwambia.

"Najua, Babu."

"Nilidhani nakulinda."

Alikoroga uji. "Ungeniuliza. Mimi ndiye niliyebeba ile mifuko Baba alipokuwa kazini. Sikufa."

Siku nyingine hakulirudia jambo hilo. Alijiandikisha chuo cha miaka miwili hapa karibu. Hakina timu ya hoki ya wasichana.

Agosti aliuza pedi zake za miguuni, zile kinga kubwa za kipa. Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Duluth na gari lililojaa vifaa, akazigeuza, akazibonyeza, akaridhika.

"Bado nzima kabisa," alisema. "Mbona unaacha, binti? Hukupata chuo?"

"Sikupata," Senja alisema.

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha gereji. Ningeweza kunyamaza, na mama yule angeondoka.

"Alipata," nilisema. "Walimtaka wa kwanza. Mimi niliambiwa niandike kwamba hatuna kitu, nikaandika kwamba tunacho."

Yule mama alimtazama Senja, akanitazama mimi. Akafungua mlango wa nyuma wa gari.

Senja aliinama akashika pedi moja. "Shika hiyo nyingine, Babu," alisema. "Kwa mikono miwili, ni nzito."

Nikashika.