Chumba cha Chupa za Mtama

Mugwaneza aliiinua chupa ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akajua kabla hajatazama vizuri. Ukungu wa kijani ulikuwa umeota tena katikati ya punje za mtama, pale ambapo nyuzi nyeupe za uyoga zilipaswa kutambaa. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa imelowa na kunuka uchachu hata kabla ya kufunguliwa.

Hakuifungua. Alizibeba zote hadi nje, akazichemsha na mifuniko yake ili ukungu ufe humo humo, ndipo akamwaga mtama shimoni.

Alikuwa mjane, akiishi peke yake huku Nyakabuye, kusini-magharibi mwa Rwanda. Mume wake, Valens, alikuwa mbeba mizigo pale mpakani Rusizi ya Kwanza mpaka figo zilipomlaza. Wote wawili walizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, wakarudi Rwanda kwa asili yao wakiwa watu wazima, na hawakujaliwa mtoto. Valens alipougua, majirani walikuja kwa wingi, kisha wakapungua, kwa sababu ugonjwa mrefu huchosha hata wasiougua. Baada ya mazishi kila mtu alirudi shambani kwake. Mugwaneza akabaki na nyumba ambamo kijiko kikianguka jikoni, mlio wake ulifika hadi chumbani.

Kazi ya mbegu za uyoga, zinazooteshwa ndani ya punje za mtama, alifundishwa katika kikundi cha wanawake. Wenzake waliacha mapema. Yeye aliendelea kwa sababu ilimpa kitu cha kukitazama akiamka.

Wala hakuwa mzembe. Mtama aliuchemsha uvimbe bila kupasuka, akauchuja, akautandaza juu ya kitambaa safi mpaka punje zikauke kwa nje. Chupa hakuzijaza hadi juu. Tundu la mfuniko aliliziba kwa pamba, akazipika chupa kwa mvuke kwa saa nyingi, akaziacha zipoe bila kuzigusa. Wakati wa kupanda mbegu alifunga mlango na dirisha upepo usiingie, akanawa mikono kwa spiriti, akafanya kazi karibu na mwali wa taa. Na bado ukungu ulikuja.

Siku hiyo jirani yake, Zulaikha, alikuwa akirudi kutoka kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama. Alimkuta ameketi kando ya shimo.

“Maman Mugwaneza, zimeoza tena?” aliuliza, akimwita mama kwa heshima.

“Zimeoza.”

Zulaikha aliomba kuona mahali anapozitengenezea. Mugwaneza akamwongoza hadi chumba cha nyuma. Mgeni alisimama mlangoni, akavuta pumzi.

“Humu munanuka kama gunia ya mupunga yenye ilinyeshewa,” alisema. Kisha akaona godoro lililoegemezwa ukutani, limefunikwa shuka ya maua. “Ile ni ya nani?”

“Ya Valens.”

“Ilipata maji?”

“Bati linavuja kidogo. Lakini godoro nimelifunika.”

“Dada, unafunga mulango vizuri sana, lakini ukungu unaufungia humu ndani, mu ile godoro. Itoe.”

Mugwaneza alihisi uso unawaka moto. “Ninyi majirani mulikimbia wakati mutu wangu alikuwa analalia hii godoro. Leo unakuja kunituma niitupe?”

Zulaikha aliinua jembe lake, akaenda.

Mugwaneza alipika chupa nyingine kwa hasira, akaongeza muda wa mvuke, akanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Zikaota kijani. Siku nyingi zilipita bila mtu kubisha hodi.

Mwishowe aliingia chumba cha nyuma asubuhi, akaivuta ile shuka. Upande wa ukutani godoro lilikuwa limegeuka kijani na jeusi, na vumbi laini lilipanda alipoligusa. Katikati bado palikuwa na bonde lililoachwa na mwili wa Valens. Aliweka kiganja pale, akakiacha kwa muda.

Hakumwita mtu. Aliliburuta godoro hadi nyuma ya migomba, akalichoma, akasimama karibu mpaka moshi ukamtoa machozi, na moshi ulipokwisha machozi yakaendelea. Kisha akapanda ngazi, akaziba bati. Akaosha kuta na sakafu kwa javel, dawa ya kuua vijidudu, akaacha jua lipige humo ndani.

Ndipo akaenda kwa Zulaikha.

“Nilikutukana,” alisema.

“Ulikuwa na haki,” Zulaikha akajibu. “Miye pia nilikimbia. Nilikuwa napita pale kwenu nasikia Papa Valens analia maumivu, naongeza mwendo. Yaishe. Siku ya kupanda ile mbegu yako, niite.”

Alikuja Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri. Mugwaneza akamweleza kwamba humo ndani hawawezi kuwa wawili, na tena kwamba mwenye kupanda hufunga mdomo kwa kitambaa wala hasemi, maana hata pumzi huchafua chupa.

“Basi nitakaa hapa inje,” Zulaikha alisema, akivuta benchi hadi chini ya dirisha lililofungwa. “Nitaongea miye. Wewe usijibu.”

Akaongea kweli: juu ya ndege wanaomaliza mpunga, juu ya binti yake aliyeolewa Gitambi asiyepiga simu. Ndani, Mugwaneza alifungua chupa moja moja kando ya mwali, akadondosha mbegu, akafunga. Mara mbili alitaka kucheka, akajizuia.

Sauti ilikoma kabla hajamaliza. Alipofungua mlango, benchi lilikuwa tupu; mwadhini alikuwa anaadhini alasiri huko bondeni, na Zulaikha alikuwa ameshateremka njia kwenda kuswali.

Wiki zilizofuata nyuzi nyeupe zilitambaa mpaka zikafunika punje zote. Chupa moja tu iliharibika. Mugwaneza alizipanga zile nzima kwenye rafu, akasimama katikati ya chumba, akageuka ili amwonyeshe mtu; hapakuwa na mtu. Kisha akatafuta kanga yake na kwenda kuuliza kama Zulaikha yuko nyumbani.