Habari Iliyongoja Mtihani

Mume wangu, mzee Changawa, alikata roho Jumanne baada ya swala ya alfajiri, na mjukuu wetu Mansur alikuwa ameshatoka. Sisi twakaa Shika Adabu na shule yake iko Changamwe, kwa hivyo mtoto hutoka kiza kingalipo apate kuwahi feri.

Mwanangu Rashad akapiga simu shuleni. Ilipokewa na naibu mwalimu mkuu, madamu Rosalia, aliyekuwa katika wiki yake ya pili tangu aje kutoka bara. Akasema, "Poleni sana. Msiwe na wasiwasi, kijana nitamshughulikia mimi mwenyewe." Tukaridhika, kwa kuwa huyo mwanamke tulikuwa tumeshamsikia. Amevitia vitasa vyoo vya wasichana, vilivyokuwa vikifungwa kwa kamba. Amewatoa wavulana nyuma ya kantini. Amemwambia mwalimu mmoja mbele ya wenziwe kwamba naye pia achelewa. "Ni mkali, bibi, lakini ana haki," Mansur aliniambia.

Basi maji yakatiwa moto, sanda ikaja, mzee akaoshwa. Kila aliyeingia aliuliza Mansur yuko wapi, nasi tukasema feri imemshika. Mzee aliusia kwamba Mansur na Rashad ndio waingie kaburini kumpokea na kumlaza mwanandani, kwa kuwa mzee ndiye aliyemlea Mansur tangu anaachishwa ziwa. Jambo hilo mtaa mzima walijua.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Rashad akapiga simu tena, isipokewe. Nikamuomba wangoje hadi alasiri. Akatoka kuwauliza wazee, akarudi macho chini.

"Mama, wasema maiti hacheleweshwi."

Jeneza likatoka.

Yaliyokuwa shuleni niliyasikia baadaye, nusu kwa Mansur na nusu kwa madamu mwenyewe. Siku ile kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio wa kemia, karatasi moja asubuhi na nyingine mchana. Madamu alikwenda hadi mlangoni kumwita. Akamuona ameinama anaandika, akaingiwa na huruma. Akajiambia, nikimwambia sasa ataharibu mtihani, na babu yake hazikwi leo. Kwao mtu akifa hupelekwa mochari, watu huitana kutoka Nairobi na nchi za nje, vikao hukaliwa, na mazishi huwekwa Jumamosi moja huko mbele. Hakuna aliyemwambia kwamba huku kwetu anayekufa alfajiri huzikwa adhuhuri. Akarudi zake. Wakati wa chakula alikwenda kuhakikisha kwamba Mansur amekula.

Karatasi ya pili ilipokusanywa ndipo alipomwita ofisini, akamkalisha, akamwambia kwa upole. Akaongeza kwamba siku za mazishi atampa ruhusa, kadiri atakazotaka.

"Amekufa saa ngapi?" Mansur akauliza.

"Alfajiri."

Hakungoja neno la pili. Aliacha hata mkoba.

Alifika watu washarudi makaburini kitambo, mchanga washauosha miguuni. Hakulia. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba penye pipa la maji, na magharibi akanijia. "Bibi, mimi shule basi." Rashad, kwa hasira zake, akasema ni sawa, kuna gereji inayotaka mtu. Na mtihani wenyewe wa kumaliza shule ulikuwa hauko mbali.

Siku ya tatu ya matanga madamu Rosalia akaja, ameubeba mkoba wa Mansur, na sukari, na pakiti ya unga wa mahindi. Nilikuwa ndani nimeanza eda, lakini wanawake wa ukumbini niliwasikia.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Ameleta unga."

"Adhani hitima hupikwa ugali?"

"Mpisheni mkeka nyie, asije akasema Shika Adabu hatuna adabu."

Akaletwa chumbani kwangu. Akaniamkia, akakaa chini bila kuambiwa.

"Mama, nimekosa."

"Umekosa nini?" Nilitaka aseme mwenyewe.

"Nilidhani kuna muda. Baba yangu tulikaa naye wiki tatu kabla ya kumzika."

"Mlimuweka wapi siku zote hizo?"

"Kwenye barafu, mama."

"Sisi tungesema mmemtesa."

"Na kwetu wangesema nyinyi mmemtupa mbio mbio," akajibu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mlangoni mtu akacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Nikamwita Mansur. "Naam, bibi." Akasimama kizingitini, uso kautupa ukutani.

"Mwalimu wako ana neno."

Madamu hakuzunguka. "Nilikuficha kifo cha babu yako kutwa nzima. Nilikuona unaandika, nikakuamulia. Haikuwa haki yangu."

"Ningeingia kaburini," Mansur akasema.

"Nimeambiwa."

"Nafasi yangu kaingia jirani aliyegombana na babu kwa sababu ya mbuzi. Hawakuwa wakisemezana."

Madamu alikaa akamtazama tu, machozi yakimshuka, wala hakuyapangusa. Hapo nilimpenda, kwa kuwa angejitetea hata kidogo, mtoto angetoka.

Mansur akauchukua mkoba, akaufungua. "Rula yangu?"

"Imo mfuko wa mbele."

Akatazama, akaiona, akatoka nao.

Jumatatu nikamuona amevaa sare. "Naenda kwa sababu ya mtihani, bibi," akaniambia. "Yule simuamkii."

"Usimuamkie."

Rashad akaona namfunza utovu wa adabu. Nikamwambia aniachie mjukuu wangu, amkio la kulazimishwa halina maana kwa mwenye kulitoa wala mwenye kupewa.

Sasa ni wiki ya tatu. Jioni akirudi humuuliza.

"Leo je?"

"Bado, bibi."

Nami humpakulia chakula, nikamuuliza habari za kemia.